Siku Iliyokuwa na Alasiri Mbili

Wanangu wa dukani,

Siku ya kuniaga mlinikabidhi saa ya ukutani, nami nikatokwa na machozi, mkadhani nalia. Nilikuwa nacheka. Kumpa saa mtu aliyemaliza kazi ni kichekesho tosha, sembuse kunipa mimi, Mwanaisha binti Lali, niliyegombana na saa nusu ya umri wangu. Mume wangu ameitundika juu ya jokofu. Inakwenda vizuri sana na hakuna anayeitazama.

Mliniomba niandike niliyoyaona kazini. Miaka ya simu za mkononi nitaiacha, mnaijua kuliko mimi. Vyeo na mishahara sitavitaja kabisa, kwani vyeo vilikuwa viwili tu, mkubwa na mimi. Nitasema jambo moja tu la miaka hiyo. Mnamkumbuka yule mama aliyeletewa simu na mwanawe wa Ulaya, ikawa inamwadhinia Adhuhuri saa nane mchana, wakati wenzake wameshaswali, wameshakula na wamelala? Mlicheka hadi mmoja wenu akakaa chini. Mimi sikucheka sana siku ile. Nilikuwa nakumbuka kosa langu mwenyewe, na kosa lenyewe ndilo hasa ninalotaka kuwaandikia.

Kabla ya simu kulikuwa na taar. Wengi wenu mmelisikia jina na hamjakiona chombo. Taar ni redio ya kusemezana: sanduku la chuma lenye rangi ya kijani, betri mbili za gari chini ya meza, maikrofoni yenye kitufe ubavuni, na waya mrefu uliotandazwa juu ya paa kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine. Vita vya tisini na moja vilikuwa vimeshatutawanya. Watu wa visiwani, wa Koyama, wa Fuma, wa Chovai, walikuwa wamekimbilia makambi ya Kenya na Mombasa, na waliobaki hapa Kismayo hawakujua nani yu hai. Posta ilikuwa imekufa, na simu za waya ziliibwa waya zake. Ukitaka kujua kama ndugu yako anapumua, unakuja kwenye taar, unakaa kwenye benchi, unangoja jina lako liitwe.

Siku yangu ya kwanza sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kumtafuta mjomba wangu kambini. Mwenye chumba alikuwa Guled, Msomali wa bara, mrefu, mwembamba, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alikulia penye ngamia, bahari aliiogopa, na samaki alimwona kuwa chakula cha mtu aliyekosa bahati. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja wa Koyama. Alipopewa maikrofoni akaanza kusema Kibajuni kwa kasi, huku analia, na hajui kuachia kitufe. Upande wa pili wakawa wanaita, wanaita. Guled hakuambulia neno. Nikamshika yule bibi mkono, nikamwondoa kidole kwenye kitufe, nikamwambia Guled kwa Kisomali anachotaka, nikamwambia bibi kwa Kibajuni anachojibiwa. Bibi akaondoka anamshukuru Mungu. Guled akanitazama, akausukuma mguu wa kigoda kwa kiatu chake, akasema, "Abaayo, kaa," yaani dada, kaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Guled ndiye aliyenifunza kila kitu. Alinifunza kwamba ukibonyeza kitufe unasema lakini husikii, na ukikiachia unasikia lakini husemi, kwamba ukimaliza neno unasema "ova" ili mwenzako ashike zamu, na kwamba ndoa nyingi zingepona kama watu wangefungwa kitufe kifuani. Alinifunza kuyajua maji ya betri kwa kuyatazama. Alinifunza kupanda paani mawasiliano yakififia, maana mara tatu kati ya tano nilimkuta jirani ameanika kanga zake kwenye waya wetu, na mara ya nne ameanika papa. Zaidi ya yote alinifunza mbingu. Kuna masafa ya mchana na masafa ya usiku. Jua likianza kuzama, masafa ya mchana yanakufa, sauti inakwenda mbali kama mtu anayezama kisimani, na kila mtu wa taar, awe Kismayo, Burgao, kambini au Mombasa, anajua kwamba baada ya Magharibi tunahamia masafa ya usiku. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Jua lenyewe lilikuwa likituhamisha.

Miadi ndiyo iliyokuwa vita yangu na Guled. Yeye alikuwa na saa ya mkononi, kubwa, yenye kioo kilichopasuka, na aliiheshimu kuliko alivyoniheshimu mimi. Alitaka kila miadi iandikwe kwa saa. Watu wangu wa visiwani hawakuwa na shida hiyo. Ukimwambia mtu wa Koyama "saa kumi kasorobo" anakutikisia kichwa kwa adabu, kisha anakuuliza, "Ni kabla ya Alasiri au baada?" Siku yetu ina vipindi vitano, na kila kipindi kina mtu anayekitangaza kwa sauti kubwa, bure, kutoka juu ya msikiti. Saa ya nini tena? Nikawa naandika kwenye daftari: Bi Mwanamani, kambini, baada ya Adhuhuri. Mzee wa Chovai, Mombasa, baada ya Alasiri. Jua la Mombasa linachelewa kidogo tu nyuma ya letu, dakika za mtu kuvaa viatu. Mambo yalikwenda vizuri. Guled alikuwa akilisoma daftari langu, anatikisa ndevu, anasema, "Abaayo, andika saa. Iko siku Alasiri itakugeuka." Nikamwambia Alasiri ni Alasiri tangu enzi za Mtume.

Jambo moja nyinyi wa leo hamtaliweza: taar haikuwa na siri. Kila mwenye chombo kwenye masafa yale alisikia kila kitu. Mwanamke mmoja wa hapa aliwahi kumgombeza mumewe aliye kambini kwa habari ya mke wa pili, na kabla mume hajajibu, Burgao wakaingia wakamtetea, kambi nyingine wakampinga, na fundi wa taar wa Mombasa akapendekeza waite wazee. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini pia halimaliziki. Tulikwenda saa nzima. Mume hakupata nafasi ya kusema chochote, na nadhani hilo lilimwokoa.

Kisha Ulaya ikaingia. Baadhi ya watu wetu walipata kufika huko, na huko kulikuwa na simu. Wao wanapiga simu Mombasa, kwenye chumba cha taar cha kijana aitwaye Shee, na Shee anaulaza mkono wa simu juu ya maikrofoni ya redio, mdomo kwa sikio, anashika kitufe. Sauti inatoka Ulaya kwa waya, inaruka kutoka Mombasa kwa hewa, inatua Kismayo kwenye kipaza sauti chetu kilichopasuka. Hapo ndipo nilipomsikia Bakari wa Fuma kwa mara ya kwanza. Alikuwa kaskazini ya Ulaya, mji ambao jina lake lilinishinda kulitamka, akimtafuta mamake, Bi Fatuma, aliyekuwa akikaa mtaa wa nyuma yetu.

Bi Fatuma alikuwa mtu wa Alasiri halisi. Miadi ikiwa baada ya Alasiri, yeye ataswali, atavuta uradi, atajifunga buibui, atamjulia hali kila jirani wa njiani, ndipo atokee. Bakari upande wa pili yuko kwenye simu, muda unapotea. Nifanye nini? Nikawa namzungumzisha. Mwanzo nilimuuliza habari za hali ya hewa, kama adabu ya kazi inavyotaka. Akaniambia kuna theluji. Nikamuuliza theluji inanukaje. Akafikiri, akasema hainuki, ndiyo maana anaiogopa. Nikacheka kwenye maikrofoni, na Burgao nao wakacheka, maana walikuwa wakisikiliza. Wiki iliyofuata nikaona Bi Fatuma anakuja mapema, nikakasirika. Hapo nikajua nimeshaharibikiwa.

Ilikuwa majira ya baridi kwake, na kaskazi kwetu. Nilimuuliza anaswali vipi huko bila muadhini. Akasema wanafuata ratiba ya karatasi, na siku ni fupi mno, Adhuhuri na Alasiri zinafukuzana. Tukalinganisha. Alasiri yake ilipoingia na yetu ilikuwa imeingia punde tu. Nilifurahi kama niliyegundua kisima. Nikaandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu: Ulaya, Alasiri sawa na sisi. Nikamwonyesha Guled. Akasema, "Andika na saa." Sikuandika.

Posa ilikuja kwa mdomo wa Bi Fatuma, kwa heshima zote, ubani na maneno mazuri, ingawa pwani nzima ilishaijua kabla yake. Baba yangu, Mzee Lali, hakufurahi. Lazima mmwelewe. Nyumba yake na mashua yake vilichukuliwa na watu wenye bunduki mwaka ule wa vita, na tangu hapo hakuamini kitu asichokishika kwa mkono. Alikuwa na mpwa wake Burgao, kijana mwema, mwenye mashua, tena anayeonekana kwa macho. Bakari alikuwa sauti. Mamangu wakubwa wakamsihi, Bi Fatuma akamsihi, mwisho akakubali kwa sharti moja. Akaniita, akaniambia, "Nikimsikia mwenyewe kwa sikio langu, Alasiri ya Alhamisi, wewe ni wake. Nisipomsikia, mambo ya hewani yaishie hewani, nawe utakwenda Burgao." Baba yangu hakuwa mkali. Lakini akisema neno, limekwisha.

Nikapeleka ujumbe kwa Shee: nikahi ni Alhamisi, baada ya Alasiri. Wazee ndivyo walivyotaka, kwani nikahi zetu tangu zamani hufungwa baada ya Alasiri, na mimi niliona sina la kuuliza. Ilikuwa mwezi wa sita. Kusi ilikuwa imeshaanza.

Siku yenyewe nilikuwa na raha ya kipumbavu. Chumba cha taar kilifagiliwa, kikafukizwa udi, mkeka mpya ukatandikwa juu ya waya za betri. Kwenye kona walifunga pazia la kanga mbili, na mimi nikafichwa nyuma yake na mama mkubwa Bi Esha, nimefunikwa gubigubi, hina mbichi mikononi. Biarusi wetu haonekani wala hasemi, hata kikohozi anakimeza. Mbele walikaa Baba, Maalim wa msikiti wetu, na mashahidi wawili, ami yangu Shamuti wa Koyama na mshona viatu mmoja mcha Mungu. Guled alikuwa kwenye chombo.

Alasiri ikaadhiniwa. Wakaenda msikitini, wakarudi, wakakaa. Guled akaita Mombasa. Shee akajibu: bwana arusi hajapiga simu bado. Wakanywa kahawa. Guled akaita tena. Bado. Maalim akasimulia kisa kirefu cha subira, akakimaliza. Saa kumi na moja, bado. Ami Shamuti alikuwa na mashua inayongoja maji, na maji hayamngoji shahidi. Akasimama, akaomba radhi, akaenda zake. Akabaki shahidi mmoja. Nyuma ya pazia Bi Esha alikuwa ananipepea kwa nguvu zaidi na zaidi, mpaka nikahisi baridi.

Nilikuwa najua nimeachwa. Nilimtetea Bakari moyoni kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha nikaanza kumtukana, kisha nikaanza kujiona na mpwa wa Burgao, mtu mwema, nikimpikia wali wa nazi hadi mwisho wa dunia. Nililia kimyakimya, maana hata kulia biarusi hana ruhusa ya kupiga kelele.

Magharibi ikaadhiniwa. Waliswali hapohapo uani. Guled, kwa mazoea tu, akarudi akakigeuza chombo kwenye masafa ya usiku. Nilisikia fimbo ya Baba ikigonga sakafu, nikajua anasimama. Hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya kuchoka, "Mwanaisha, funga vitu vyako." Naye alikuwa na kiatu kimoja mguuni pale kipaza sauti kilipokoroma.

"Kismayo, Kismayo, hapa Mombasa. Bwana arusi yuko kwenye simu. Anasema ameswali Alasiri sasa hivi, na yu tayari. Ova."

Baba akauliza kwa Kibajuni chake, ambacho mtu ni mchu na jua ni yua, "Alasiri gani? Mchu anaswali Alasiri na sisi tumeshaswali Magharibi?" Mimi nyuma ya pazia nilishika kichwa, hina ikaingia kwenye nywele. Nililiona daftari langu kwa macho ya roho, na ule wino mwekundu. Sawa na sisi! Ilikuwa sawa wakati wa baridi, siku zake zilipokuwa fupi. Sasa kwao kulikuwa na kiangazi, siku imevutika kama unga wa chapati, na Alasiri imevutika nayo. Mtu wangu hakuniacha. Mtu wangu alikaa siku nzima anaitazama ratiba ya karatasi, anangoja wakati niliompa mimi, na akapiga simu kwa wakati uleule. Aliyekosea alikuwa biarusi.

Baba hakukubali upesi. Kwake yeye jua ni moja, na ukweli ni mmoja, na mtu anayedai jua liko juu wakati limezama ama anaota ama anadanganya. Akamwambia Guled, "Muulize, yua liko wapi huko?" Guled akauliza. Sauti ya Bakari ikaja, nyembamba, imejaa mchanga: "Liko juu ya paa la jirani, mzee. Wala halina haraka." Burgao wakacheka, wakakumbuka adabu, wakanyamaza.

Maalim ndiye aliyetuokoa. Alikuwa mtu wa maneno machache baada ya kile kisa chake kirefu. Akasema, "Mzee Lali, sisi tunaswali kwa jua la hapa, na yeye kwa jua la kwao. Kwetu amechelewa. Kwa Mola wake hakuchelewa." Baba akafikiri sana. Kisha akakivua kile kiatu, akaketi.

Sasa tazameni tatizo. Shahidi mmoja ameshaondoka na maji, na wanaume wa mtaani wote walikuwa wametawanyika. Aliyekuwapo chumbani, Mwislamu, mtu mzima, mwenye akili zake, ni Guled. Maalim akamtazama Baba. Baba akamtazama Guled, na nilijua anachokiona: Msomali wa bara, wa kabila moja na waliomchukulia mashua. Hata mimi niliyekula naye miaka sikuwahi kumtaka Baba apime jambo kama hilo. Guled alilielewa vilevile. Alisema kwa Kisomali, polepole, kwamba kama mzee hataki yeye haoni ubaya, atatoka akatafute mtu mwingine. Baba akajibu kwa Kisomali, lugha aliyoacha kuitumia ndani ya nyumba yetu tangu mwaka ule: "Kaa. Umemlisha binti yangu mkate wa halali. Sikiliza vizuri tu."

Lakini shahidi, alisema Maalim, akae na ushahidi wake, asishughulike na vitufe. Na kule nje ya pazia hakukuwa na mwingine aliyejua kukishika chombo kile. Mnaona wenyewe tunakoelekea. Bi Esha alinishika nguo, akasema ni aibu, haijawahi kutokea tangu Koyama iwe Koyama. Nikamwambia Mungu si Athumani, nikafunua pazia. Nilitoka na gubigubi langu, nikakaa kwenye kigoda changu, hina inadondoka, nikashika vitufe vya kazi yangu siku ya arusi yangu mwenyewe. Wanaume wote waliinamisha macho kwenye mkeka isipokuwa Guled, aliyekuwa anajizuia kucheka kwa kuzitafuna ndevu.

Masafa ya usiku huwa kama soko. Walikuwa wakizungumza wafanyabiashara wa kambini, mganga mmoja aliyekuwa akimwagiza mgonjwa dawa, na wawili wanaogombania ngamia. Bakari hakusikika. Nikabonyeza kitufe, nikasema kwa Kisomali kisha kwa Kiswahili: "Nyote mlioko hewani, hapa Kismayo. Naomba masafa. Kuna nikahi." Nikaachia. Kisha mmoja: "Kambini, tumenyamaza." Mwingine: "Burgao, tumenyamaza, Mungu aitie baraka." Hata wale wa ngamia: "Tumenyamaza, lakini ngamia ni wangu." Kisha hewa yote ikatulia. Miaka yote ile ya kazi sijapata kuisikia taar tupu namna ile, watu wa pwani na wa bara, wa hapa na wa kambini, wote wameachia vitufe vyao kwa pamoja.

Baba akakaribia maikrofoni. Hakuanza na nikahi. Alitaka kujua kama sauti ile ni ya mtu wa Fuma kweli. Akauliza, "Ukiingia Fuma mayi yakipwa, ule mwamba wauweka mkono upi?"

"Wa kushoto, mzee," Bakari akasema. "Ukiuweka wa kulia utarudi kwenu kwa miguu. Swali hili hata wazungu wameniuliza nilipofika, pamoja na majina ya visiwa vyote kimoja kimoja, ili niwathibitishie kuwa mimi ni Mbajuni. Tofauti ni kwamba wewe wayua jawabu. Ova."

Baba alicheka. Wanangu, nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tulipotoka kwenye ile nyumba. Alicheka hadi fimbo ikaanguka, Maalim akamwokotea, na Bi Esha nyuma ya pazia akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo bila shaka ilifika Mombasa.

Basi ikawa. Maalim akamwongoza, Baba akatamka kwamba amemuoza Bakari binti yake Mwanaisha kwa mahari waliyopatana. Nikaachia kitufe. Ikaja mivumo. Ndani ya mivumo kulikuwa na kitu, labda neno, labda la. Fundi wa kambini akaingia kwa furaha: "Mimi nimemsikia, amekubali!" Maalim akanitaka nimjibu kwamba tunashukuru, lakini mashahidi ni wa chumbani humu. Nikasogeza masafa unywele mmoja kulia. Baba akarudia maneno yake yote, neno kwa neno, bila kuchoka. Nikaachia. Guled alikuwa ameegemeza sikio kwenye kipaza sauti, amefumba macho.

"Nimekubali kumuoa Mwanaisha binti Lali," Bakari akasema, wazi, kama aliye uani.

Mshona viatu akasema amesikia. Guled akafumbua macho, akainua mkono. "Waan maqlay," akasema, kisha akarudia kwa Kiswahili chake, ili Baba asije akasema hakuelewa, "Nimesikia."

Nilidhani yamekwisha. Lakini Shee alikuwa kazini, na kazi yetu ina kanuni: ujumbe usiothibitishwa haukufika. Bakari kule alikuwa amesema neno kubwa kuliko yote maishani mwake kwenye tundu la simu, na hajui kama limetua. Shee akaita: "Kismayo, mmempata? Bwana arusi anauliza kama mmempata. Ova."

Nikamtazama Maalim. Alikuwa anautazama mkeka. Nikamtazama Guled, akaangalia dari. Ni mimi tu niliyekuwa na kitufe, na kusema na bwana arusi mwenyewe ndiko nilikokatazwa. Masafa yalikuwa matupu, na pwani yote ilikuwa inangoja. Shee akaita tena. Ndipo Baba akanigusa bega kwa ncha ya fimbo.

"Mjibu," akasema. "Mchu amengoja tangu Alasiri."

Nikabonyeza. Kitufe kikashika hina, na hakuna sabuni iliyoweza kuifuta tena.

"Nimekupata, Bakari," nikasema. "Nimekupata vizuri sana."